Jumamosi tuongee ajira za sheria
Wakuu, mambo vipi. Wadogo zetu waliomaliza LLB (digrii ya sheria) pale SAUT, chuo kikuu cha Mtakatifu Augustino hapa Mwanza, wananijazia inboksi wote swali moja, bila uwakili nitakula nini? Kwanza uwakili wenyewe mpaka upite Law School, shule ya mafunzo ya mawakili, ipo Dar, so anza kutafuta ada na pa kufikia mapema. Ila huku kwetu Kanda ya Ziwa kuna mambo jamani, viwanda vya samaki vina mikataba na leseni kibao, migodi ya Geita pia, benki nazo zinataka mtu wa kuandaa hati za rehani. Umahakimu unatangazwa na Tume ya Utumishi wa Mahakama, uafisa sheria cheki Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali. Jumamosi saa kumi Nyegezi, njoo na CV, na isiwe kurasa sita tafadhali 😂