Norwei haiongozwi na chama cha Wakristo

Ndugu Mhariri,

Kuna msomaji mwenzangu ameandika kwenye ukurasa huu kwamba Norwei imeendelea kwa sababu inaongozwa na chama cha Wakristo, hivyo na sisi Watanzania tuanzishe chetu. Nina mwaka wa 11 hapa Kristiansand, nahudumia wazee, na mji huu unasifika kwa watu wa kusali. Naomba nimsahihishe.

Chama hicho kipo. Kinaitwa Kristelig Folkeparti, kwa kifupi KrF, kilizaliwa 1933 huko Hordaland. Lakini serikali ya sasa ni ya chama cha Leba, chini ya Jonas Gahr Støre. KrF ilipata wabunge 25 mwaka 1997, ikatoa waziri mkuu, Kjell Magne Bondevik, mchungaji wa Kilutheri kabisa. Nadhani hapo ndipo ndugu yangu alipoishia kusoma. Mwaka 2021 walibaki wabunge 3 kati ya 169, maana hawakufikisha asilimia 4 ya kura za nchi nzima, na chini ya hapo hugawiwi vile viti vya kusawazisha, yaani vya nyongeza ili idadi ya wabunge ilingane na kura za chama. Septemba 2025 wakapumua kidogo: viti 7.

Kampeni zile nilikuwa natoka zamu ya usiku, nikapita mtaa wa Markens wenye vibanda vya vyama. Kwenye kibanda chao cha njano mama mmoja wa rika la mama yangu alikuwa anachoma wafeli. Akanipa moja na jibini ya kahawia. Nikamuuliza kama mchungaji wake naye ni KrF. Alicheka mpaka wafeli iliyokuwa kwenye chuma ikaanza kutoa moshi. "Yule? Yule ni Leba! Tunabishana kila Jumapili tukinywa kahawa baada ya ibada."

Hata wao kwa wao hawaelewani. Mwaka 2018 mwenyekiti wao, Knut Arild Hareide, alitaka washirikiane na mrengo wa kushoto. Mkutano mkuu ukamkatalia kwa kura 98 dhidi ya 90, na wote wanasoma Biblia ileile. Lile sharti la kiongozi wa chama kukiri imani ya Kikristo nalo walilitoa 2013. (Hilde Frafjord Johnson, waziri wao wa misaada ya maendeleo enzi za Bondevik, alizaliwa Arusha. Hilo najua wengi litawafurahisha.)

Kama anachokipenda ndugu yangu ni ile posho waliyoipigania 1998, ya mzazi ambaye mtoto wake mdogo hapelekwi chekechea inayolipiwa na serikali, basi aandike kuhusu posho, nami nitamuunga mkono. Chama cha dini sheria yetu ya vyama inakikataza, na yeye anajua.

Mimi si raia, kwa hiyo bunge silipigii kura. Ya halmashauri nilipiga 2023. Mlutheri wa kubatizwa tangu mchanga, na KrF sikuwapa.

Msomaji wenu,
Kristiansand, Norwei