Mama Mdogo asiache dripu

Leicester, Uingereza

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, ila baridi imeanza kukaza. Nisalimie Baba, Ami na wote wa Mtambile.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikia. Unasema Mama Mdogo amechoka na dripu za dawa za saratani huko Dar, mdomo umemtoka vidonda, nywele zimekwisha. Na sasa kuna mtu kamwambia Ami kwamba Ulaya imeshatoka dawa ya RNA inayofuta saratani ya titi, naye anayo kwenye chupa, na Mama Mdogo anataka kuacha matibabu aijaribu hiyo. Nakuomba barua hii umsomee mwenyewe, taratibu. Maabara ninayofanyia kazi inashughulika na RNA hiyohiyo, nikinyamaza nitakuwa nimemdhulumu.

Utafiti upo, na ni wa kweli. Dawa haijapatikana. Chupa hiyo asiinywe, na dripu asiziache.

Sasa nikueleze, maana najua Ami atauliza. Maagizo yote ya mwili yamehifadhiwa kwenye DNA, ndani ya kiini cha seli. Seli ikitaka kutengeneza protini fulani, hunakili agizo lake kwenye RNA, na nakala hiyo ndiyo inayosomwa. Haikai sana; nyingine dakika, nyingine saa, kisha huvunjwa. Mwaka 1974 wataalamu waligundua kwamba nakala hizi zina alama ndogo za kikemia: kikundi cha methili, yaani kaboni moja na haidrojeni tatu, kimebandikwa juu ya A, mojawapo ya herufi nne zinazoiandika RNA. Alama hiyo huitwa m6A.

Wewe ndiye uliyenisomesha juzuu amma kabla sijaingia skuli, kwa hiyo hili utalielewa upesi kuliko wengi. Zikumbuke alama za waqfu juu ya mistari ya msahafu. Neno halibadiliki hata herufi moja, lakini msomaji anajua hapa asimame, hapa aendelee. Na m6A ndivyo ilivyo. Agizo ni lilelile, ila alama inaijulisha seli kama nakala hii isomwe kwa wingi, itunzwe, au ivunjwe upesi.

Zipo protini zinazobandika alama, kama METTL3 na METTL14, na zipo zinazoisoma. Mwaka 2011 kundi la mtafiti Chuan He huko Chicago likaonyesha kwamba protini iitwayo FTO huibandua. Hapo watu wakaanza kuuliza: ikiwa alama inawekwa na kuondolewa, nani anaichezea ndani ya saratani?

Kwa titi, jibu lililonigusa mimi ni la mwaka 2016, kutoka Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, kwa Gregg Semenza na wenzake. Huyu ndiye aliyekuja kupata Nobel mwaka 2019, yeye na wenzake wawili, kwa kazi ya jinsi seli zinavyohisi oksijeni. Uvimbe ukikua mbio, damu haiufikii vizuri, na ndani yake oksijeni hupungua. Mtu angetarajia seli zife. Wao wakaona kwamba seli za saratani ya titi zikikosa oksijeni huongeza protini nyingine ya kubandua, ALKBH5. Hii huondoa alama kwenye RNA ya jeni iitwayo NANOG, RNA hiyo ikakawia kuvunjwa, protini yake ikajaa, na seli nyingi zaidi zikapata tabia ya seli shina: seli zenye uwezo wa kuanzisha uvimbe upya. Walipoipunguza ALKBH5 kwenye seli za titi na kuzipandikiza kwa panya, uwezo wa kuanzisha uvimbe ulishuka. Kila nikisoma kazi ile nafurahi, kwa sababu inaonyesha mahali ambapo siku moja dawa inaweza kushika.

Lakini ni panya, Mama. Na mambo hayajanyooka. Tafiti nyingine zinaonyesha METTL3 ikizidi saratani ya titi hukua. Nyingine, kwenye aina kali kama ya Mama Mdogo, zinaonyesha ikipungua ndipo saratani inaposambaa. Kwa hiyo dawa ya kuizuia METTL3 huenda ikamfaa mgonjwa mmoja na ikamdhuru mwingine. Mwaka 2021 watafiti wa Cambridge na wenzao walichapisha kazi ya dawa ya kuizuia, ikafanya vizuri kwa panya wenye saratani ya damu. Mwaka 2022 ndipo dawa ya jamii hiyo ilipoanza kujaribiwa kwa binadamu. Majaribio hayo hufanyiwa hospitali, mgonjwa huandikishwa na kupimwa damu kila mara. Hakuna anayeuziwa kwenye chupa Pemba. Huyo anayeuza amelisikia jina tu, na anamla mgonjwa pesa zake.

Picha ya cheti cha kipimo mliyonitumia nimeisoma. Seli za uvimbe wake hazina vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni, wala hazina protini ya HER2 kwa wingi. Aina hii huwapata zaidi wanawake weusi, na mara nyingi wakiwa bado na umri mdogo. Vidonge vya kuzuia homoni, ambavyo jirani yetu anavimeza na anaendelea vizuri, kwake havifanyi kazi. Ndiyo maana dripu kwake ni tegemeo kubwa, na ndiyo maana ninang'ang'ania. Akikatisha katikati, seli zilizobaki zinapata nafasi.

Mateso yake siyapuuzi. Nywele zitaota, inshallah. Vidonda vya mdomo amwambie daktari, asione haya, ipo dawa ya kusukutua na ipo ya kupunguza maumivu. Na hili mlishike wote nyumbani: akipata homa baada ya dripu, hata saa nane za usiku, msingojee asubuhi na msimpe panadoli mkalala. Dripu hushusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopambana na vijidudu, na homa ndogo inaweza kumuua. Mpelekeni Abdulla Mzee hapo Mkoani usiku uleule, na mseme mapema kwamba yuko kwenye dawa za saratani.

Wanaosema amefanyiwa husda, usibishane nao, wala yeye asikae akijiuliza alimkosea nani. Hakufanya kosa lolote.

Halafu wewe, Mama. Yeye ni ndugu yako wa tumbo moja. Siku ukimsindikiza Dar, mwambie daktari hivyo na umuombe akuchunguze, na umuulize kuhusu kipimo cha jeni za kurithi. Saratani nyingi za titi hazirithiwi, lakini kwa kuwa yeye imempata mapema, swali hilo ni lazima liulizwe. Na dada zangu wajizoeze kuyajua matiti yao. Wakiona kivimbe, ngozi iliyojikunja au chuchu iliyoingia ndani, waende hospitali wiki hiyohiyo.

Nauli za boti na pesa za kukaa Dar nimezituma kwa simu ya Ami, zinatosha watu wawili. Tarehe ya dripu ijayo nijulishe, nitapiga simu siku moja kabla nizungumze naye mwenyewe. Na yule mwenye chupa, mwambie Ami asimpe hata senti.

Wasalaam,
mwanao