Likizo ya mama wa mtoto njiti si hisani

Mhariri,

Tangu Februari 2025 sheria ya kazi ya Tanzania Bara imebadilika: mama akijifungua njiti, likizo yake ya uzazi yenye malipo inaongezwa kwa wiki zilizobaki kufikia 40 za ujauzito. Aliyejifungua wiki ya 28 anaongezewa wiki 12 juu ya siku zake 84. Baba wa njiti naye ana siku 7, si 3 tena.

Jirani yangu, karani wa duka la jumla, aliamriwa kurudi kazini siku ya 85. Mwanawe alikuwa ametoka hospitali majuzi tu, bado anakamuliwa maziwa na kunyweshwa kwa kikombe usiku kucha! Ofisa utumishi wake hakuwa mkatili. Alikuwa akifuata kijitabu cha zamani cha masharti ya kazi, na hilo ndilo linaloniuma.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inamtaka mwajiri abandike haki za wafanyakazi mahali panapoonekana. Abandike basi na hizi mpya, na maofisa kazi wakija kukagua waanzie kwenye ubao huo.

Msomaji,
Morogoro