Tukiacha simu, tusomee wapi?

Mhariri,

Kila wanafunzi wa vyuo tunapolalamika kuumwa shingo, jibu ni lile lile: punguzeni kuchati. Niko mwaka wa tatu hapa Dar es Salaam, na naomba nafasi nieleze tunachofanya na hizo simu.

Notisi zetu zote muhula huu zimekuja kwa WhatsApp. Mhadhiri humtumia kiongozi wa darasa, naye huziweka kwenye grupu usiku. Chumbani tuko wanne na laptopu ni moja. Mwenzangu wa kitanda cha chini husoma ameegemea ukuta, simu tumboni, kidevu kimegusa kifua, akivuta jedwali kwa vidole ili tarakimu zionekane. Hukaa hivyo tangu saa mbili hadi saa saba usiku. Asubuhi kituoni, daladala ikija upande wa kulia, hageuzi shingo. Anageuka mwili mzima.

Kichwa cha mtu mzima kina kilo 5 hivi. Mwaka 2014 Kenneth Hansraj, daktari wa upasuaji wa uti wa mgongo wa New York, alikokotoa kwa kompyuta kwamba ukikiinamisha nyuzi 60, mzigo unaoilemea shingo hufika kilo 27. Mfuko wa unga wa kilo 25 haufiki hapo. Si wataalamu wote wanaokubali kwamba kuinama peke yake ndiko kunakoleta maumivu. Kukaa mkao mmoja kwa saa nyingi, kukosa usingizi na msongo wa mitihani navyo vimo. Sisi tunavyo vyote kwa pamoja.

Nilipokwenda zahanati nilipewa vidonge vya maumivu, nikaambiwa niache simu. Niiache, nisomee nini? Siku hizi naiegemeza juu ya ndoo iliyowekwa mezani ili iwe usawa wa macho, na kila nusu saa nasimama. Imenisaidia, lakini ndoo haitoshi kwa darasa zima.

Wahadhiri wetu, tunawaomba mtume slaidi mchana, kwa maandishi makubwa, na muweke nakala chache zilizochapwa maktaba tuazime. Si kila mtu ana hela ya steshenari baada ya bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, kuisha. Na uongozi wa chuo, kompyuta za maktaba zipo. Mlango unafungwa saa tatu usiku, na slaidi zinaingia saa nne.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu,
Dar es Salaam