Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria: haki za anayekamatwa zibandikwe kaunta

Mheshimiwa Waziri,

Nauza mitumba sokoni Kiboriloni, hapa Moshi. Mwaka jana, Ijumaa jioni, mdogo wangu anayeendesha bodaboda alikamatwa kijiweni. Alipouliza kosa lake alijibiwa, "Utalijua huko mbele." Akanyang'anywa simu, akavuliwa mkanda, akaingizwa mahabusu. Nyumbani tulipata habari saa nne usiku, pale mwenzake wa kijiweni alipokuja kutugongea mlango. Kituo sikitaji. Ninachokuletea hakiishii kwenye kituo kimoja.

Kesho yake mama alikwenda na chakula kwenye hotipoti. Akaambiwa asubiri nje. Alikaa kwenye benchi, hotipoti mapajani, mpaka ugali ukapoa, na kila askari aliyepita alimwamkia na kumsihi, "Naomba mwanangu." Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, Mheshimiwa. Mama yangu aliomba kwa sababu hakujua kwamba angeweza kuuliza. Hata mimi niliyefika kidato cha nne sikujua.

Jumapili kijana alipewa karatasi tatu asaini. Akasaini bila kusoma, akidhani ndizo za kurudishiwa simu yake. Kumbe ni maelezo ya onyo, yaani maelezo ya mtuhumiwa yanayoandikwa polisi baada ya kuonywa, kuhusu pikipiki ya wizi ambayo hajawahi kuiona. Jumatatu jioni tukatoa shilingi 100,000 tuliyoambiwa ni "ya dhamana", bila stakabadhi, akaachiwa. Mahakamani hakufika, na mpaka leo hajaitwa.

Baadaye msaidizi wa kisheria alinikalisha chini akanifafanulia. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla hatia haijathibitika. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka anayekamatwa aambiwe kwa nini anakamatwa, na kabla ya kuhojiwa aonywe, kwa lugha anayoielewa, kwamba halazimiki kujibu. Anaruhusiwa kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake. Muda wa kawaida wa kumhoji ni saa 4, ukiongezwa uongezwe kwa utaratibu. Na aliyekamatwa bila hati ya kumkamata, ikiwa haiwezekani kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo anatakiwa kuliangalia shauri lake na kumwachia kwa dhamana, isipokuwa kosa linapoonekana ni kubwa. Dhamana hiyo ya polisi ni ahadi ya kurudi inayotiwa saini. Haiuzwi.

Nilipomaliza kumsikiliza nililia. Yote hayo yamo katika sheria ya mwaka 1985, kabla mdogo wangu hajazaliwa.

Lakini kwa miaka mingi sheria hiyo ilisomwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha mambo ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na tunashukuru. Tunaishukuru pia kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia, iliyowafikia wajane na wenye migogoro ya ardhi. Ila aliyekamatwa hawezi kuja kwenye hema la kampeni. Yeye yuko kaunta, peku, anaulizwa jina la baba yake.

Ombi langu ni hili. Kaa na mwenzako wa Mambo ya Ndani, haki hizi ziandikwe kwa Kiswahili chepesi, herufi kubwa, zibandikwe kila kituo, mbele ya kaunta na ndani ya mahabusu. Maelezo ya onyo yasomwe kwa sauti kabla ya mtu kusaini. Na wasaidizi wa kisheria, waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wapangiwe zamu vituoni, hasa Ijumaa jioni, maana anayekamatwa saa hizo huiona Jumatatu kama mwaka.

Askari mwema hatapoteza chochote. Wapo, na mmoja wao ndiye aliyempa mama maji siku ile.

Kwa sasa nimeandika haki hizi kwa kalamu ya wino mzito kwenye ubavu wa boksi la mitumba, na vijana wamelitundika kijiweni. Wengine wamelipiga picha, wanatembea nayo kwenye simu. Mvua ikinyesha linaloa, nami naandika jingine. La kwako, Mheshimiwa, naomba liwe la bati.

Wako mtiifu,
Muuza mitumba, Kiboriloni, Moshi