Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mapitio ya Kibali cha Machimbo ya Udongo, Bonde la Mto Luiche, Kigoma

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji naleta mbele yenu taarifa ya mwaka. Habari za ada na hesabu zimo katika makabrasha mliyogawiwa na mweka hazina, nami sitazirudia. Nitajikita katika jambo lililochukua sehemu kubwa ya kazi ya kamati, yaani mapitio ya kibali cha matumizi ya ardhi kwenye machimbo yetu ya udongo mfinyanzi, ambayo ndiyo riziki ya wafyatua matofali na akina mama wafinyanzi wa chama hiki.

Ieleweke kwanza kwamba leseni na kibali ni vitu viwili. Leseni ya uchimbaji mdogo hutolewa chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010, hudumu miaka 7 na huweza kuhuishwa, na kwa madini ya ujenzi, udongo ukiwemo, eneo lake halizidi hekta 5. Leseni hiyo inatupa haki ya kuchimba, haitumilikishi ardhi. Ardhi ni ya kijiji, na kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote. Wapo wenzetu wanaodhani kwamba ukishapata leseni umemaliza. La hasha, bado kijiji kina neno.

Katika kibali chetu, urejeshaji wa eneo umeandikwa kwa mstari mmoja tu, kwamba mchimbaji atairudisha ardhi katika hali yake ya awali. Kina cha shimo hakikutajwa, wala muda, wala nani atakagua. Udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba, umefukiwa chini ya kifusi na hauwezi tena kutenganishwa. Kuta zimekatwa wima, na hatua moja tu kutoka ukingoni nyufa zimeanza kufunguka, mahali pale pale watoto wanapopita kwenda kuogelea. Kwa kuwa mfinyanzi haupitishi maji kwa urahisi, maji ya mvua hutuama shimoni muda mrefu baada ya masika, na mbu huzaliana humo. Shimo moja liko ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, umbali unaolindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na tope lake linateremka na Luiche hadi Ziwa Tanganyika. Kamati imesimamisha kazi katika shimo hilo, na naomba asiwepo wa kulifungua tena kwa kisingizio chochote.

Kwa maoni yangu, ahadi ya hali ya awali haitekelezeki hata tukiwa na nia njema kiasi gani, kwa sababu udongo uliokwishachomwa na kupakiwa kwenye lori kwenda mjini haurudi. Ni afadhali kibali kitaje waziwazi kila shimo litakuwa nini baada yetu. Shimo lenye kina linaweza kulazwa kingo zake na kufanywa bwawa la samaki, kwani sakafu ya mfinyanzi hushika maji yenyewe. Lile la kina kifupi lirudishiwe udongo wake wa juu na kupandwa michikichi. Hayo yatawezekana tu ikiwa udongo wa juu utatengwa tangu siku ya kwanza, na ikiwa hakuna kipande kipya kitakachofunguliwa kabla cha nyuma hakijakaguliwa na halmashauri ya kijiji.

Gharama isipotengwa mapema haitapatikana. Kamati inapendekeza kila tanuri lichangie mfuko wa urejeshaji kabla matofali hayajapakiwa, na fedha zisitolewe bila saini ya chama na ya kijiji. Sehemu yenye mfinyanzi laini ibaki kwa akina mama wa vyungu peke yao. Wanachota kidogo, na tofali likishaimaliza hawana pengine pa kwenda.

Mkutano Mkuu wa Kijiji hukaa kila baada ya miezi 3. Naomba mkutano huu uyapigie kura mapendekezo haya leo, ili katibu ayapeleke kwa halmashauri ya kijiji kabla mvua za Novemba hazijayajaza mashimo upya.

Mwenyekiti