Barua ya kufunga muhula: mafumbo na watoto wetu

Dar es Salaam, Juni

Kwa wazazi na walezi wapendwa,

YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA NA MICHEZO YA MAFUMBO

Habari za majukumu. Leo tunafunga muhula, na kila mtoto amepewa ripoti yake. Isomeni pamoja, uisaini, airudishe shule ikifunguliwa Julai. Tarehe imeandikwa humo.

Wazazi kadhaa wameniuliza kwa nini watoto wa darasa la tatu wanaokota visoda, yaani vifuniko vya chupa za soda. Ni vya hesabu. Tumeviosha, tukaviandika namba 1 hadi 9, na mtoto anatakiwa avipange safu tatu za visoda vitatu, ili kila mstari, uwe wa kulala, wa kusimama au wa mshazari, ukijumlishwa upate 15. Mwanzoni walibahatisha tu. Kisha binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, 9 na 8 haziwezi kukaa mstari mmoja, hapo tayari ni 17!" Darasa zima likaanza kutafuta ipi haikai na ipi. Wakaona 1 na 9 ni kumi, 2 na 8 kumi, 3 na 7 kumi, 4 na 6 kumi. Basi 5 ikapewa nafasi ya katikati, na hakuna mwalimu aliyewaambia. Kufikiri kwa namna hiyo nakuthamini kuliko majibu ya kukariri.

Wazazi wa darasa la nne, najua mnawaza upimaji wa kitaifa. Mafumbo hayali muda wa masomo. Mtoto aliyezoea kujiuliza "kwa nini" haogopi swali asilowahi kuliona.

Likizo hii nawaomba sana: msiwape majibu. Mtoto akikwama, muulize amejaribu nini na kimekataa wapi, kisha mwache. Roho inauma kumwona akihangaika, lakini vumilia.

Si lazima kununua chochote. Babu au mjomba anayejua bao amfundishe: mashimo 32, kete 64, na kabla ya kusogeza inabidi ahesabu ataishia shimo gani. Michezo ya kwenye simu nayo inafaa mkicheza pamoja, mradi si ile inayotoa jibu kwa kubonyeza tu.

Wenye maduka na mama lishe, tunaomba mtuwekee visoda. Darasa la pili nao wanavidai.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu